Kadi za herufi nne katika fizikia ya kidato cha pili: shajara ya mradi

20 Januari 2024. Sababu na mpangilio

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huikariri kanuni ya Ohm bila kukosea. Wape volti na ukinzani, na mkondo watautafuta bila shida. Lakini wachoree balbu mbili zinazofanana katika sakiti ya mfululizo, uulize ipi itawaka zaidi, na wengi watakujibu ni ile inayofikiwa kwanza na umeme, kwa kuwa "imeula" umeme na kuiachia mwenzake mabaki. Wanajibu hivyo hata baada ya mada kumalizika na mtihani kufanyika. Jambo hili limenisumbua kwa miaka. Mwaka huu nimeamua kulishughulikia kwa utaratibu, nikiandika kila hatua ili mwalimu mwingine apate cha kuiga na cha kuepuka.

Shule yetu ni ya sekondari, ya kutwa, mkoani Morogoro. Nina mikondo miwili, A na B, kila mmoja una wanafunzi zaidi ya 80. Vipindi ni vya dakika 40, na mara moja kwa wiki viwili hufuatana. Maabara ni chumba chenye meza na makabati, vifaa ni vichache.

Mbinu ninayoijaribu iliasisiwa mwaka 1991 na Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aligundua kwamba wanafunzi wake, walioweza kukokotoa mambo mazito, waliyakosa maswali mepesi ya dhana. Tangu hapo akabadilisha kipindi. Mwalimu anafundisha kwa dakika chache, kisha anauliza swali moja la dhana lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake na kupiga kura. Halafu anamgeukia mwenzake mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi kwa hoja. Kura inapigwa tena, na baada ya hapo tu ndipo mwalimu anaeleza.

Ushahidi wa kwamba njia za namna hii zinasaidia si haba. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi 6,542. Akawapima kwa kipimo rahisi: mwanafunzi amepata sehemu gani ya kile ambacho hakukijua mwanzoni? Darasa likianza na wastani wa asilimia 30 na kuishia 58, limeongeza 28 kati ya 70 zilizokuwa zimebaki, yaani 0.40. Hake alikuta kozi za mhadhara mtupu zikiwa na wastani wa 0.23, na zile za kushirikisha wanafunzi 0.48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliofeli kwenye madarasa ya mhadhara walikuwa asilimia 33.8, na kwenye madarasa shirikishi 21.8.

Mtaala wetu umekuwa ukidai mbinu shirikishi tangu 2005, kwa hiyo hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba ni nzuri. Swali langu ni la utekelezaji: zinafanyikaje mbele ya watoto 85 wanaokaa watatu watatu kwenye dawati?

Mpangilio ni huu. Mada ya umeme wa mkondo, mkondo A utafundishwa kwa kura na mjadala, B kwa njia niliyoizoea. Mada ya kanuni za Newton, tutabadilishana. Hivyo kila mtoto atapata mbinu mpya mara moja, na hakuna mkondo utakaokuwa wa kulinganishia tu mwaka mzima. Maswali ya kabla na baada ni yale yale. Lipo jaribio maarufu la dhana za kani lenye maswali 30, la David Hestenes na wenzake wa mwaka 1992, ila halisambazwi hadharani ili lisiharibike kwa kukaririwa. Kwa hiyo nimeandika maswali yangu, kumi kwa kila mada.

3 Februari 2024. Mikono, kisha kadi

Wiki ya kwanza nilianza na kisichogharimu kitu, kunyoosha mikono. Hakikufaa hata kidogo. Nikisema "wanaochagua B," macho ya darasa zima yanaelekea dawati la mbele kulia, wanapokaa wanaoongoza mtihani. Mikono yao ikipanda, mingine inafuata kama kuku wa banda moja. Kura ya namna hiyo inapima nani anaheshimiwa, haipimi nani anaelewa.

Nikajaribu vidole: kimoja ni A, viwili ni B, vyote vikishikwa kifuani kwa wakati mmoja. Hapo palikuwa na nafuu, jirani hakuoni kirahisi. Tatizo likahamia kwangu. Kutoka ubaoni, kwenye madawati ya nyuma, vidole vitatu na vinne havitofautiki.

Kadi ndizo zilizokaa. Kadi moja kwa kila mwanafunzi, imegawanywa robo nne, kila robo ina herufi moja kubwa. Ukitaka kusema C unaigeuza hadi C iwe juu, unaishika kifuani, herufi ikiwa imenitazama mimi. Mwanzoni nilizipaka rangi badala ya herufi, kwa kuwa rangi zinaonekana mbali. Mvulana mmoja akawa anakosa mfululizo, na nilipomuuliza pembeni ikajulikana kwamba nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Mwenye darasa kubwa ajue kwamba huenda naye ana mtoto wa hivyo. Sasa herufi ni nyeusi kwenye karatasi nyeupe, nene, na rangi hazimo.

Gharama: manila 12 kwa shilingi 700, kila moja inatoa kadi nane, jumla 8,400. Maka peni tatu, 3,000. Kadi za kwanza zililegea kwa jasho la mikono ndani ya siku chache, kwa hiyo nimezifunika kwa nailoni ile ya kufunikia madaftari, mita nne kwa 10,000, na soltepu mbili kwa 3,000. Jumla shilingi 24,400 kwa mkondo mzima, na kadi hizo hizo zitatumiwa na mkondo wa pili. Duka la kopi lilitaka shilingi 1,000 kwa kila kadi kuzilaminisha. Nailoni inatosha.

Kilichogharimu kuliko nilivyofikiri ni jaribio la kabla. Kurasa tatu, kopi shilingi 100 kila ukurasa, wanafunzi wa mikondo yote miwili: zaidi ya shilingi 50,000 kwa jaribio moja, na majaribio ni manne. Nimeyaandika maswali kwenye bango kitita, nikalitundika ubaoni, na kila mwanafunzi akapewa robo karatasi ya kuandikia namba na herufi. Rimu moja ya shilingi 13,000 itatosha mwaka mzima na kubaki.

Kuhesabu kura za watu 85 kunakula dakika. Sihesabu tena. Natazama nikijiuliza jambo moja: waliopata ni wachache sana, ni kama nusu, au ni karibu wote? Mazur na Catherine Crouch, walipoandika kuhusu miaka kumi ya mbinu hii, walieleza kwamba mjadala unalipa zaidi waliopata mwanzoni wakiwa karibu nusu. Wakiwa wachache sana hakuna wa kushawishi, inabidi nirudie maelezo. Wakiwa karibu wote, naeleza kwa sentensi mbili tunasonga. Kwa ajili ya kumbukumbu zangu napiga picha ya darasa kwa simu na kuhesabu jioni.

24 Februari 2024. Balbu

Hatua hii imechukua muda mrefu kuliko zote na naiandika kwa kirefu, kwa sababu ndipo mwalimu atakapokwama.

Swali la msingi la mada ni lile la balbu mbili kwenye mfululizo. Kura na mjadala peke yake hazitoshi hapa. Darasa likibishana vya kutosha linataka kuona. Nilipanga vikundi 12, kila kikundi betri mbili kubwa na balbu mbili za tochi. Nikazunguka madukani. Balbu za tochi za zamani, zile zenye uzi ndani, hazipo. Tochi zote sasa ni za LED, na wauza vifaa vya umeme waliniambia hawajaagiza zile nyingine kwa muda mrefu.

Nikanunua LED, kwa kuwa ndizo zilizopo. Hazifai kwa swali hili. LED inapitisha umeme upande mmoja tu, ukiigeuza haiwaki. Inahitaji volti ya kiwango fulani kabla ya kuwaka, kwa hiyo LED mbili nyeupe kwenye mfululizo na betri mbili, yaani volti 3, hazikuwaka kabisa. Watoto wakaona giza, wakahitimisha kwamba umeme "umeisha njiani". Jaribio lililokusudiwa kuondoa dhana potofu likawa linaijenga. Yeyote anayepanga kutumia LED kufundishia mfululizo aache.

Ufumbuzi ulipatikana kwa fundi pikipiki. Balbu za indiketa za bodaboda bado zina uzi, ni za volti 12, na zinauzwa shilingi 500. Betri ya pikipiki ni ya volti 12 pia, na fundi aliniazima ya kazini kwake kwa sharti la kuirudisha jioni ikiwa imechajiwa. Balbu mbili kwenye mfululizo zinawaka kwa mwanga hafifu wa machungwa unaoonekana hadi dawati la mwisho ukifunga madirisha. Kwa hiyo tumeacha vikundi 12, tumefanya onyesho moja kubwa mbele ya darasa. Nyaya zilitokana na waya chakavu, vishikizo vya balbu nilivitoa kwenye indiketa zilizovunjika. Balbu sita, 3,000. Fyuzi ya betri usiiondoe: mtoto akigusanisha nyaya mbili za betri ya namna hiyo, waya unaungua papo hapo.

Halafu likaja la kushangaza. Mbele ya darasa zima, baada ya kura mbili na mabishano makali, niliunganisha balbu na moja ikawaka wazi zaidi ya nyingine. Ikawa ni ile ya kwanza kutoka upande chanya. Darasa likalipuka kwa shangwe, waliosema "ya kwanza inakula umeme" wakiwa wameshinda kwa ushahidi wa macho.

Balbu mbili za duka moja, zenye maandishi yale yale, si lazima ziwe na ukinzani sawa. Nilizibadilisha nafasi, ya kwanza ikawa ya pili, nikauliza kabla ya kuwasha: mwanga utabaki mahali pake au utahama na balbu? Tukapiga kura. Nikawasha. Mwanga ulihama na balbu. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kusikia darasa la fizikia likinyamaza kwa kufikiri. Msichana mmoja wa dawati la tatu akasema, "Basi tatizo ni balbu, si foleni." Ndiyo fizikia yenyewe: angalia kama tofauti inafuata kitu au inafuata nafasi.

Tangu siku hiyo sianzi tena na balbu zinazolingana kabisa. Naanza na zisizolingana kwa makusudi, nazibadilisha nafasi, kisha ndipo naleta pea niliyoijaribu nyumbani ikalingana. Swali lenyewe limebadilika pia. Jibu A, "ya kwanza itawaka zaidi". B, "ya pili". C, "zote sawa, lakini hafifu kuliko ingekuwa moja peke yake". D, "zote sawa, na mwanga ule ule wa balbu moja". D ilikuwa haimo mwanzoni. Niliiongeza baada ya kusikia mijadala, kwa kuwa walioacha A wengi walikimbilia huko.

16 Machi 2024. Lugha ya kubishania

Nimetaja shangwe na mabishano, lakini wiki mbili za mwanzo hayakuwepo. Nilikuwa nikisema "sasa jadilini na jirani," na darasa la watoto 85 linakuwa kimya. Wengine wananong'ona "wewe umechagua nini?" kisha wanageuza kadi ifanane. Kura ya pili ilikuwa inapanda, ndiyo, lakini kwa kuigana.

Sababu haikuhitaji utafiti. Maswali niliyaandika kwa Kiingereza, na kanuni ya shule ni Kiingereza darasani. Watoto hawa wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, na Januari moja wakaambiwa kila somo isipokuwa Kiswahili ni kwa Kiingereza. Kumweleza mwenzako kwa nini umeme haupungui njiani, kwa lugha ambayo huwezi hata kuombea maji nayo, ni kazi kubwa mno. Mradi wa LOITASA, wa utafiti kuhusu lugha ya kufundishia, ulioanza 2002 ukiwahusisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulionyesha kwa ushahidi jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyochangamka na kushiriki wanapofundishwa kwa Kiswahili. Harvard mbinu hii ilizaliwa miongoni mwa vijana wanaobishana kwa lugha wanayoimudu. Maelezo ya mbinu hayalitaji sharti hilo, kwa kuwa huko halikuwahi kukosekana.

Siku niliposema, "Mnaweza kujadiliana kwa lugha yoyote," mmoja aliuliza, "Hata Kiswahili, mwalimu?" Nikasema hata Kiluguru. Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu wa hisabati kutoka darasa la jirani.

Mtaaluma aliniita. Hoja yake ilikuwa ya haki: "Mtihani wa Taifa hauandikwi kwa Kiswahili, mwalimu. Utawafurahisha leo, Novemba watalia." Tulizungumza kwa muda mrefu na tukakubaliana utaratibu ambao umeboresha mbinu kuliko nilivyokuwa nayo. Swali linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, nalisoma kwa Kiingereza, kisha nalieleza kwa Kiswahili. Mjadala ni kwa lugha yoyote. Baada ya kura ya pili, kila mwanafunzi anaandika kwenye daftari sentensi moja ya Kiingereza yenye jibu na sababu yake. Nawapa mwanzo wa sentensi ubaoni, wao wanamalizia. Wanaandika kitu ambacho tayari wanakielewa, na sentensi zao zinanyooka kuliko majibu ya mtihani. Sijawahi kusahihisha madaftari kwa furaha kama ninavyofanya mwezi huu.

Mabadiliko mengine mawili yalifuata. Watu watatu wa dawati moja huwa na jibu moja, hivyo agizo sasa ni "mtafute mwenye herufi tofauti," na dawati la mbele linageuka kutazama la nyuma. Pia ni marufuku kutaja herufi wakati wa kushawishi. Unaeleza sababu tu. Sheria hii ndogo imewapunguza nguvu wanaoongoza mtihani, kwa sababu wengi wao wanajua jibu bila kujua sababu.

Mwezi huu ni wa Ramadhani. Kipindi pacha kipo saa nane mchana na nusu ya darasa wamefunga. Nimebadilishana na mwalimu wa jiografia, mjadala unafanyika asubuhi.

11 Mei 2024. Matokeo ya umeme, na suala la nukuu

Jaribio la baada limefanyika. Mkondo A ulianza na wastani wa asilimia 31 ukafika 55. Kwa kipimo cha Hake ni 0.35. Mkondo B ulianza 33 ukafika 46, yaani 0.19. Swali la balbu mbili peke yake ndilo lenye tofauti kubwa kuliko yote. Swali la ammita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, linalouliza itasoma kiasi gani kabla na baada ya balbu, halina tofauti ya maana kati ya mikondo. Sikulifanyia onyesho kwa kuwa ammita yetu imekufa. Nachukulia kwamba kura bila kuona kitu inafika mahali fulani na kuishia hapo.

Nisisitize tahadhari: mwalimu ni mmoja, anaipenda mbinu moja kuliko nyingine, na watoto wanalijua hilo. Ndiyo maana nasubiri Newton, ambako mikondo inabadilishana.

Tatizo lililoibuka ni nukuu. Mkondo A walilalamika kwa kiranja, kiranja akaleta kwangu: "Mwalimu, mkondo B wana kurasa, sisi hatuna kitu." Mzazi mmoja alikagua daftari na kuuliza kama tunafundisha. Louis Deslauriers na wenzake, huko huko Harvard, walichapisha mwaka 2019 utafiti uliokuta hali hiyo hiyo: wanafunzi wa darasa shirikishi walijifunza zaidi lakini walihisi wamejifunza kidogo, kwa kuwa kuhangaika na swali hakuna ladha ya kusikiliza maelezo yanayotiririka. Wakashauri mwalimu awaeleze wanafunzi mapema kuhusu hisia hiyo. Nimefanya hivyo. Niliwaonyesha A wastani wao wa kabla na baada, na manung'uniko yakapungua sana.

Lakini haja ya nukuu ni ya kweli pia, mtoto asiye na kitabu nyumbani atasomea nini? Sasa naandika ukurasa mmoja kwa kila mada ndogo, nakala tano kwa darasa, zinanakiliwa kwa zamu wakati wa kujisomea jioni. Dakika 20 za kuandika ubaoni zimerudi kwenye mjadala. Na kwa watakaokuja kukagua: kura ya kwanza naiandika kwenye andalio la somo chini ya maarifa mapya, mjadala na kura ya pili chini ya kuimarisha, sentensi ya Kiingereza chini ya tafakuri. Inakaa vizuri bila kulazimisha.

20 Julai 2024. Newton kwa mkondo B

Kadi zimehamia B, tano zimepotea, tumetengeneza nyingine kwa manila iliyobaki. Kiswahili kimeruhusiwa tangu kipindi cha kwanza.

Naweka hapa maswali matatu yaliyozaa mjadala mzuri, yachukuliwe na anayeyataka. La kwanza: lori la mchanga linagonga bodaboda iliyosimama, kani ya lori kwa bodaboda ikilinganishwa na ya bodaboda kwa lori ni kubwa zaidi, ndogo zaidi, au sawa? La pili: mpira umerushwa juu na umeshatoka mkononi, bado unapanda, ukiacha hewa, kani zipi zinaufanyia kazi? La tatu: unasukuma kabati kwa mwendo usiobadilika sakafuni, kani yako imezidi msuguano au imelingana nao?

La lori liliwashinda vibaya. Kura ya kwanza karibu darasa zima walisema kani ya lori ni kubwa, na mjadala haukusogeza kitu, hakukuwa na wa kushawishi. Mara mbili tatu nilieleza kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kani hizo mbili ni sawa, wakaikubali kwa mdomo na kupiga kura ile ile. Kilichowazuia ni kwamba wanaona matokeo: bodaboda inasagika, lori linakwaruzika. Nililigawa swali. Kwanza niliuliza, kani ile ile ikisukuma mkokoteni mtupu na mkokoteni uliojaa, upi utabadili mwendo zaidi? Hilo walilimudu. Kisha nikarudi kwa lori. Mara hii darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu, na mjadala ukafanya kazi yake. Dhana yao kuhusu uharibifu ilikuwa sahihi, walihitaji tu mahali pa kuiweka: tofauti iko kwenye masi na mchapuko, haiko kwenye kani.

Mpira uliorushwa una ugumu wa aina nyingine. "Nguvu ya mkono" inaendelea kuishi ndani ya mpira kwa karibu kila mtoto. Hapa kilichosaidia ni swali walilouliza wao kwa wao: kama mkono bado unausukuma, mkono uko wapi? Nilisikia msichana akimbana mwenzake hivyo, nikamwomba alirudie mbele ya wote.

17 Agosti 2024. Wasichana, na swali pacha

Picha za kura zinaonyesha wasichana wengi wa B hawabadili kadi wala hawageuki wakati wa mjadala. Wanapokabiliana na dawati la wavulana wanawaachia wazungumze. Nilijaribu kuwaita kwa majina, ikawa mbaya zaidi, walijificha nyuma ya kadi. Sasa dakika ya kwanza ya mjadala ni ndani ya dawati na dawati la jinsia ile ile, dakika mbili zinazofuata ni kwa yeyote. Wanaingia kwenye duru ya pili wakiwa wameshaijaribu hoja yao mahali salama. Wanaogeuka wameongezeka, si wote.

Jingine ni kujua kama kura ya pili ni uelewa au uigaji. Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilijibu hilo mwaka 2009 kwa njia nzuri: baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali la pili lenye dhana ile ile kwa sura nyingine, la kujibu peke yao bila kujadili. Walipata zaidi, hata waliotoka kwenye vikundi ambavyo yaelekea hakuna aliyejua jibu mwanzoni. Nimeanza kufanya hivyo. Pacha wa lori ni mtoto na mzee wanaosukumana wakiwa kwenye boti mbili ziwani. Inagharimu dakika nne, na imenilazimu kushuka kutoka maswali mawili hadi moja kwa kipindi cha dakika 40. Kipindi pacha kinabeba matatu. Zaidi ya hapo silabasi inachelewa, nimejaribu, haiwezekani.

21 Septemba 2024. Matokeo ya Newton, gharama, kinachofuata

Mkondo B, kwa kura na mjadala: kabla 24, baada 56, ongezeko 0.42. Mkondo A, kwa njia ya kawaida: kabla 26, baada 41, ongezeko 0.20. Mikondo imebadilishana na tofauti imefuata mbinu. B wamepita hata matokeo ya A ya umeme. Nadhani ni kwa sababu Kiswahili kilikuwepo tangu mwanzo na maswali yalikuwa yameshanolewa, ila mada ni tofauti na siwezi kutenganisha mambo hayo kwa takwimu nilizo nazo. Maswali mawili kati ya kumi bado yanawashinda mikondo yote, la mpira na la kabati.

Niliwarudishia A maswali ya umeme bila kuwatahadharisha, miezi minne baada ya mada. Walishuka hadi 50. Mkondo B, kwa maswali hayo hayo, wamerudi 38.

Gharama yote ya mwaka: kadi 24,400, rimu 13,000, bango kitita 9,000, balbu 3,000, LED zisizofaa 6,000, kopi za nukuu 7,500. Jumla shilingi 62,900, nyingi zimetoka mfukoni mwangu na mkuu wa shule amerudisha sehemu. Anayeanza sasa aondoe LED, na kwa jaribio la kabla atumie karatasi zilizoandikwa upande mmoja.

Walimu wawili wa jumuiya yetu ya ujifunzaji, wa kemia na wa baiolojia, wamechukua kadi. Kemia anaanza na swali la sukari: ikiyeyuka kwenye chai, uzito wa kikombe unapungua, unaongezeka au unabaki? Nimeketi nyuma kwenye kipindi chake cha kwanza. Aliwaonyesha matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mjadala, na darasa zima likahamia upande wa wengi, ambao walikosea. Tumekubaliana kadi zishushwe kimya na hesabu asiitamke mpaka kura ya pili.

Januari naanza na kidato cha kwanza. Kabla ya hapo nahitaji ammita mbili zinazofanya kazi na swali jipya la kabati. Nafikiria kuanza na kabati lenyewe, lile la maabara, na mizani ya springi ya kulivutia, mtoto mmoja anavuta na mwingine anasoma namba kwa sauti.